Kinda Aliyetoka Kiotani: Je, Kila Huruma ni Wema?

Watu wengi huamini kuwa huruma ni wema daima, na kwamba mwenye kuhurumia hawezi kukosea. Na tulitazame jambo dogo litokealo majumbani mwetu, tupate kulipima neno hili. Akionekana kinda wa shomoro uani, huokotwa kwa haraka, akatiwa katika kijisanduku chenye pamba, akalishwa punje za wali. Siku ya pili huwa amekufa. Je, lile lilikuwa tendo la wema?

Nia ilikuwa njema, hilo halina shaka. Walakini nia njema humwondolea mtu lawama. Haimrudishii kinda uhai wake. Mwenye kutaka kutenda wema sharti ajue kwanza mwenendo wa yule anayetaka kumtendea.

Shomoro hutaga katika matundu ya kuta na chini ya mapaa ya nyumba zetu, akaatamia kwa kadiri ya siku 10 hadi 14. Kinda huanguliwa hana unyoya, wala macho yake hayajafumbuka, na wazazi wote wawili humlisha wadudu kutwa. Zipitapo kama wiki 2, hutoka kiotani. Si kwamba amekwisha kuwa hodari: mkia wake ungali mfupi, mabawa hayajakomaa, na safari yake ya kwanza huenda ikaishia chini ya mpapai. Lakini wazazi hawakumtupa. Huifuata sauti yake na kumlisha hapo alipo, kwa wiki 1 au 2 zaidi. Na mara nyingi kazi hiyo huwa ya baba, kwani mama ameanza kujitayarisha kutaga tena.

Huenda mtu akauliza: mbona asingoje kiotani mpaka akamilike? Jawabu ni kuwa kiota si ngome kama tudhanivyo. Makinda wakikua, kelele zao huzidi, na maadui huzisikia. Adui akikigundua kiota huwala wote kwa mara moja; lakini wakiisha kutawanyika, akipatikana mmoja wengine huenda wakasalimika. Sisi watu wa Mombasa twawajua kunguru waliotoka Bara Hindi, walioanza kuonekana mjini humu mwaka 1947, na jinsi wapekuavyo viota vya ndege wadogo. Basi pale chini tunapopaona kuwa ni pa maangamizi, pengine ndipo penye salama yake.

Kwa hivyo yatupasa kupambanua. Kinda asiye na manyoya, huyo kweli ameanguka, na awezaye na amrejeshe kiotani. Wala si kweli, kama wasemavyo baadhi ya watu, kuwa mama humkataa mwanawe akiisha kuguswa na mkono wa mtu. Ama yule aliyeota manyoya, arukarukaye na kuita, huyo hakuanguka, ametoka. Kumchukua ni kuwapokonya wazazi mtoto wao, ijapokuwa mkono upokonyao una huruma. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud khabari ya masahaba waliochukua makinda wawili wakiwa safarini, mama yao akaja akipigapiga mabawa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akaamuru warejeshwe kwake.

Hapa hutokea hoja nzito. Atasema msemaji: "Nikimwacha, paka akamla, je, mimi sina lawama?" Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani ni kweli kwamba makinda wengi hufa kabla ya kutimiza mwaka, hata wasipoguswa. Lakini tusidhani kuwa hapana ila njia mbili, kuchukua na kupuuza. Iko ya tatu, nayo ni kulinda. Mfungie paka wako ndani kwa siku hizo. Wakataze watoto kumkimbiza. Akiwa katika njia ya magari, mnyanyue umweke ukutani au kichakani, papo karibu, wazazi wapate kumsikia. Kisha ondoka, kwa sababu hawatakaribia maadamu umesimama hapo. Aliyefanya haya, kisha kinda akafa, amemtimizia haki yake. Asiyeyafanya, akasema amemwachia Mola, huyo hakuacha kwa elimu bali kwa uvivu.

Kulinda kwa mbali kwahitaji subira kuliko kuchukua. Achukuaye hutulia moyo papo hapo, kwani kinda yumo kiganjani mwake. Alindaye hapati raha hiyo; pengine hatajua kamwe mwisho wa kinda yule ulikuwaje. Basi kabla ya kunyoosha mkono, kila mmoja wetu na ajiulize: nataka kuutuliza moyo wangu, au nataka kumnusuru huyu?

Na mtoto aingiaye na kinda mkononi asikemewe. Mzazi wake na afuatane naye mpaka alipomwokota, wamweke, wajitenge nyuma ya mlango, wangoje. Shomoro akija na mdudu mdomoni, mtoto atakuwa amejionea kwa macho yake yale ambayo sisi tumeyaeleza kwa maneno mengi.