Nani Ataliona Tabaka la Tatu?

Swali langu ni fupi, na nimetembea nalo muda mrefu: kazi ambayo hapana mtu atakayeiona, kwa nini ifanywe vizuri?

Nakuomba, ndugu msomaji, usiharakishe kunijibu. Majibu yaliyo tayari mdomoni nayajua. Mmoja atasema Mungu anaona. Wa pili atasema jina la fundi ndilo duka lake, likichafuka kafunga. Wa tatu, huyu aliyepita chuo, atanitajia Plato na ile hadithi ya Gyges iliyomo katika *Jamhuri*: mchunga aliyeokota pete, akiigeuza kidoleni haonekani, basi akaingia mpaka kwa mfalme, akamuua na kuuchukua ufalme. Glaukon anauliza mle ndani: tungekuwa na pete mbili kama hiyo, moja tukampa mwema na moja mwovu, wangetofautiana nini?

Hadithi ni nzuri. Lakini pete hiyo mie nimeiona kwa macho yangu Wesha, nje kidogo ya Chake Chake, nayo ilikuwa ndani ya ndoo ya plastiki, inanuka mpaka kichwa kinauma. Jina lake resini.

Hebu nieleze. Chombo cha mbao hakijui kusema uongo. Fundi akipiga msumari kombo, kichwa cha msumari kinakutazama. Ubao ukiwa na kifundo, kifundo hicho hapo. Mataruma ya mashua yako wazi, unaweza kuyahesabu huku umechutama unakumba maji kwa kopo. Na huko nyuma zaidi, enzi za mtepe, mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi, na aliyekaa ndani aliuona mshono mmoja mmoja. Kile kitabu cha Kigiriki cha mabaharia cha karne ya kwanza, *Periplus*, kinataja kisiwa kiitwacho Menouthias chenye mitumbwi na vyombo vya kushonwa. Wapo wataalamu wanaosema ndiyo Pemba yetu, wengine wanasema Unguja, wengine Mafia. Waache wagombane. Linalonihusu mimi ni kwamba kwa karne zote hizo abiria wa bahari hii alipanda chombo ambacho aliweza kukisoma.

Faiba sivyo. Faiba ni mkeka wa nyuzi za kioo uliolowa gundi. Kwanza unatengeneza kalibu, unaipaka nta ili kitu kisigande humo, kisha unapaka jelikoti, ile rangi nzito inayong'ara ambayo mteja ataiona na kuipapasa. Baada yake ndiyo unaanza kutandika mkeka na resini, tabaka juu ya tabaka. Umeona mambo hayo? Uso unazaliwa kabla ya mwili! Siku unapokitoa kitu ndani ya kalibu, uso ni ule ule uwe umeweka matabaka mawili nyuma yake au manne, uwe umetoa hewa yote au umeacha mapovu kama ya sabuni.

Na mambo ya kukosea ni mengi. Dawa ya kugandisha hutiwa asilimia moja mpaka mbili tu. Ukizidisha, ndoo inachemka yenyewe na kufuka moshi, na kilichoganda kinapasuka. Ukipunguza, kinabaki nata nata. Kilo moja ya mkeka inataka kilo mbili na nusu hivi za resini: mfanyaji bahili hunyima, mvivu humimina tu, na vyote viwili vinadhoofisha. Penye kona kali nyuzi hazikubali kukunjika, zinaacha pango la hewa nyuma ya jelikoti, na hapo ndipo goti la mtu litakapotoboa siku moja. Yote haya hufanyika nyuma ya ule uso.

Kwa miezi michache nilikuwa mshika ndoo katika banda la fundi mmoja hapo Wesha. Sisi vijana tulimwita Ami, kwa umri wake. Akaja mteja na boti ya mpira, ya mita tano, chini faiba na pembeni mapira mawili ya hewa. Tangu hapo mashine yake ilikuwa ikiongozwa kwa mkono kutoka tezi, na sasa mwenyewe anataka meza ya usukani yenye sitiaringi, pamoja na viti, ili apeleke wageni Misali, kile kisiwa cha magharibi ya Chake kilichowekwa katika hifadhi tangu 1998.

Sitakuchosha kwa habari za vipimo. Ila siku ya kwanza Ami hakugusa hata mkeka. Alijaza mchanga katika magunia, akayaweka ndani ya boti pale meza itakapokaa, akatutia na siye tukae kama abiria, tukasukuma majini. Magunia yakisogezwa nyuma sana, omo inanyanyuka na nahodha haoni mbele. Yakisogezwa mbele sana, inazama pua katika kila wimbi. Kutwa nzima tulihamisha mchanga. Watu walitucheka.

Na kwenye viti kulitokea jambo. Mteja alitaka kiti kimoja cha nahodha, kipana, chenye mgongo na mto. "Na wageni?" Ami akauliza. "Watakaa juu ya mapira, wanapenda." Tulimaliza kwa sanduku la kukalia watu wawili nyuma ya meza, tangi la mafuta chini yake na matundu ya kupitisha hewa, na jingine dogo mbele ya meza lenye kishikio. Mteja alikubali kwa sababu ya tangi, si kwa sababu ya wageni. Lakini alikubali.

Ugomvi hasa ulikuja kwenye bolti. Meza hiyo haisimami kwa kudra. Inafungwa sakafuni, na mtu anapoyumbishwa na wimbi hushika bomba lake na uzito wote wa mwili huenda kwenye bolti nne au sita. Kwa hiyo ndani ya matabaka, pale bolti zinapopita, unazika kipande cha plaiwudi kugawa uzito. Sasa, mbao na maji ya bahari zina uadui wao. Njia fupi ni kutoboa tundu, kupaka silikoni, kufunga bolti, na kwenda kunywa chai. Njia ndefu ni kutoboa tundu kubwa kuliko bolti, kulijaza resini iliyochanganywa na nyuzi, kungoja igande, kisha kutoboa tena katikati tundu la kiasi chake, ili maji yakipenya yakutane na kioo na ubao usijue kitu. Ukizitazama meza mbili hizo siku ya kukabidhi, wallahi huwezi kuzitofautisha. Baada ya miaka michache, plaiwudi ya ile ya kwanza imekuwa kama uji, na bolti zinacheza.

"Ami, hiyo siku nzima ya kujaza matundu na wewe unanihesabia mimi?"

"Nakuhesabia."

"Na hilo tabaka la tatu?"

"Nalo."

"Nani ataliona?"

"Hapana mtu."

"Basi?"

Ami hakujibu. Akachukua msasa akaendelea na kazi yake. Kwa hiyo jibu limeniangukia mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kushika ndoo.

Nina yakhe wangu mmoja, tulisoma pamoja Fidel Castro, sasa ni mfanyabiashara. Nilipomsimulia alicheka sana. Alisema mteja akilipia matabaka mawili apewe mawili. Fundi anayempa la tatu kwa hisani yake ni mjinga, na anayemlazimisha kulilipia ni dikteta. Hoja hiyo si nyepesi. Nani kampa fundi mamlaka juu ya mfuko wa mtu mzima mwenye akili zake? Ingekuwa ni meza ya chai ya barazani kwake, ningekuwa upande wa yakhe wangu bila kusita.

Ila chombo si meza ya chai. Mteja anaweza kuzifanyia bahati nasibu pesa zake, na hata shingo yake akipenda. Mkono utakaoshika lile bomba si wake. Ni wa mgeni ambaye hajui hata jina la fundi, au wa mtoto wa baharia aliyechukuliwa kwenda kutembea. Hao hawakukaa nasi bandani kupatana bei. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja huku kwetu, imepakia watu kupita uwezo wake. Hapa kisiwani sina haja ya kueleza zaidi, kila mtaa unajua. Nataka kusema tu kwamba abiria haoni mizani wala karatasi. Anaona rangi na taa, anaamini, anapanda na mkoba wake.

Kwa ajili hiyo yale majibu matatu ya mwanzo hayanitoshi. Jina la fundi halilindi kitu hapa: bolti inalegea mwaka wa tatu, na mwaka wa tatu boti imeshauzwa mara mbili, nani atakumbuka ilitoka banda gani? Kuwa Mungu anaona, sina ubishi nalo hata chembe, nimelelewa nalo. Lakini nimewasikia wengi wakilitumia huku wanatazama juu, na mie nadhani fundi wa faiba anatakiwa atazame pembeni, pale penye kishikio, amwone huyo mtu ambaye bado hajazaliwa pengine, kashika kwa mikono miwili. Gyges alikuwa haonekani, lakini yeye alimwona mfalme vizuri, na bado akamuua. Tatizo lake lilianzia kwa aliyemtazama, na Plato hakuligusa sana hilo.

Usidhani nakuchorea walii. Ami alikuwa na ubahili wake. Vifuniko vya viti alivipiga plaiwudi ya kawaida, ile ya kujengea makabati, akaifunika kwa tabaka moja jembamba. Nikamwambia, "Ami, hii itaoza." Akasema, "Ioze. Hapa hapana roho ya mtu, watabadilisha." Nilishangaa wakati ule. Sasa naona hapo ndipo penye elimu yenyewe. Anayetaka kila kitu kiwe kamili atamaliza pesa za mteja na nguvu zake kabla hajafika penye bolti. (Siye tunaoandika tunalijua hilo? Hadithi ngapi tunaleta zikiwa jelikoti tupu, sentensi ya kwanza inang'ara, ukiibonyeza kidole kinapita.)

Na lipo jambo ambalo hoja yangu hailitatui. Mwezi ule ule Ami alipoteza kazi mbili. Waliokuja waliuliza bei, wakaenda kwa mwingine. Nao hawakuwa wapumbavu, maana walilinganisha vitu viwili vilivyofanana machoni, wakachukua cha rahisi, kama mimi na wewe tunavyofanya sokoni kila siku. Pale ambapo wema hauonekani, soko halina namna ya kuulipa, na mwenye kuufanya anatoa mfukoni mwake. Kumwambia mtu kama huyo "vumilia, una thawabu" halafu ukaenda kununua kwa jirani yake, hilo mie naliona aibu.

Pengine ndiyo maana alifanya lile ambalo lilimuudhi mteja kuliko hata bei. Ndani ya masanduku ya viti hakupaka rangi. Unafunua kifuniko, unakuta faiba uchi, rangi ya asali, nyuzi zinaonekana, na matabaka yanahesabika ukingoni kama kurasa za kitabu. Hata zile duara za resini zilizozunguka bolti zinaonekana, nyeusi kidogo. Mteja akasema ni mbaya, tena inawasha mikono. Kweli inawasha, siye tuliokuwa tukiisugua kwa msasa, tumejifunga vitambaa puani, tulikuwa tukilala tunajikuna. Ami akamwambia, "Atakayekuja kuitengeneza aone nilichofanya." Hakupaka.

Uaminifu usiokaguliwa ni mzigo mzito mno kumtwika mtu mmoja, akiwa peke yake bandani, na kodi haijalipwa. Ami aliutua nusu. Alifungua tundu ili mwingine achungulie, na fundi atakayechungulia atalazimika naye kujiuliza la kwake litaonekana vipi.

Siku hizi boti za faiba zimezidi pwani zetu, za kununua na za kupewa, maana Serikali nayo katika miaka hii ya 2020 imezigawa kwa wavuvi na wakulima wa mwani. Miti mikubwa ya kuchonga imekuwa adimu, na mtu ambaye kila mwezi alikuwa akivuta mashua ya mbao juu kuitia kalafati hawezi kulaumiwa kwa kufurahia chombo kisichovuja. Tutazipanda hizo hizo. Na watu wameanza kujifunza kuzisoma. Unachukua sarafu, unagonga taratibu ubavuni, unasogea kidogo, unagonga tena. Matabaka yakishikana sauti ni kavu na kali. Pakiwa na hewa au ubao uliolowa, sauti inafifia, kama mtu amefunikwa mto. Nilimwona kijana mmoja Wesha anaigonga boti ya watu kwa sarafu ya mia mbili, kaanzia omo, anashuka na ubavu mzima, sikio kaliinamisha. Mwenye boti kamtokea kwa hasira, anamuuliza kama anataka kununua au anataka kupiga ngoma.

"Ngoja kidogo, ami," kijana akamwambia, "upande huu sijaumaliza."