Adui Wetu Hana Ukoo



Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa Mbagala halihusu Utatu wala ubatizo. Ni hili: mtu aliyeokoka anaweza kurogwa? Huulizwa kwa sauti ya chini, ibada ikishaisha, na anayeuliza mara nyingi tayari ana jina kichwani. Shangazi yake wa kijijini. Wifi. Mpangaji wa chumba cha mbele asiyependa kusalimia.

Tukisikia habari za vita vya kiroho tunakimbilia Waefeso sura ya 6, tunavaa silaha, tunaanza kupiga. Tuangalie kwanza barua ile ilikuwa inakwenda kwa nani. Efeso ulikuwa mji wa bandari, umejaa watu wa kila kabila, una hekalu la Artemi na mafundi wa fedha waliokula kupitia hekalu hilo, na sifa zake za uganga zilivuma mbali. Mtu wa Temeke asingejiona mgeni pale. Sisi nguzo zetu za umeme zimebandikwa namba za simu za waganga wanaorudisha waume na kuzindika maduka dhidi ya chuma ulete, uchawi wa kuchota hela za duka. Wao walikuwa na vitabu vya uganga. Siku vilipochomwa moto, Matendo 19 inatuambia, thamani yake ilihesabiwa vipande 50,000 vya fedha. Na waliokuja siku zile kuungama matendo yao walikuwa watu waliokwisha kuamini. Yaani walikuwa wameokoka, na vitabu bado viko uvunguni.

Kwa kanisa la mji huo Paulo anaandika kwamba adui tunayeshindana naye si mwanadamu mwenye mwili na damu. Hana ukoo. Hana kijiji. Hakai chumba cha mbele. Lakini sikiliza mikesha yetu. Maombi yanaanzia msalabani vizuri kabisa, ikifika saa nane usiku yamekwisha fika kijijini kwa shangazi. Mwombaji anamwambia binti wa watu kwamba aliyemfunga asiolewe ni mama wa makamo, wa upande wa baba, mwenye mguu mbovu. Nani asiye na ndugu wa namna hiyo? Binti anarudi nyumbani alfajiri akiwa na furaha ya kufunguliwa, na kuanzia siku hiyo hapokei simu ya shangazi yake, hamtumii hela ya sukari, wanawe hawaruhusiwi kula kwake. Msiba ukitokea haendi. Mimi najiuliza Ibilisi alitaka kitu gani zaidi ya hapo.

Hili si jambo dogo katika nchi yetu. Kule Usukumani bibi zetu wameuawa kwa mapanga, wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka na miaka. Hapa Dar es Salaam hatushiki panga. Tunaliacha jina likapita kwenye simu mpaka kijijini, na hatujui litaangukia mikononi mwa nani.

Sisemi kwamba hakuna uchawi. Wapo watu wanaokusudia mabaya usiku na mchana, na zipo roho chafu. Bwana wetu alizitoa, hakuzifanyia mzaha. Ninachokataa ni kumpa adui ukubwa asio nao. Wakolosai 2 inasema falme na mamlaka zimekwisha vuliwa silaha na kuaibishwa hadharani. Yohana, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 5, anasema aliyezaliwa na Mungu analindwa na yule mwovu hamgusi. Basi mlango wa shetani kwa mwamini uko wapi? Barua ile ile ya Waefeso inajibu katika sura ya 4, kabla hatujafika kwenye silaha, na sijasikia mkesha ukihubiriwa juu yake: ni hasira tunayolala na kuamka nayo. Hapo ndipo Paulo anapotuonya tusimpe Ibilisi nafasi. Jirani na onyo hilo anataja uongo na wizi. (Wenye maduka mnisamehe, lakini kabla ya kukemea chuma ulete, hesabuni kwanza daftari la mikopo.)

Wazee wa mji huu wanamkumbuka Edmund John, mlei wa Kianglikana, ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku. Miaka ya mwanzo ya 1970, hadi alipofariki mwaka 1975, umati ulimfuata akiombea wagonjwa na kutoa pepo. Watu walitubu dhambi zao na kusalimisha hirizi zao. Hirizi zao wenyewe, siyo za jirani. Mpangilio huo ndio wa Efeso: kila mtu aliungama ya kwake.

Leo tunataka ushindi usiopitia hapo. Tarehe 1 Februari 2020, kule Moshi, watu 20 walikufa wakisukumana kukanyaga mafuta ya upako kwenye mkutano. Siwezi kuwahukumu marehemu. Walikwenda na shida za kweli, na wengi wetu tungekuwa kwenye mstari ule. Ila silaha zinazotajwa katika Waefeso 6 ni kweli, haki, amani, imani, wokovu na Neno, na maombi kwa ajili ya watakatifu wote. Hakuna hata moja inayogombaniwa. Ukiwa nayo wewe, mimi sikosi.

Alhamisi jioni tutakuwa na maombezi kama kawaida. Mwenye hirizi au dawa ya mganga ailete, tutaomba na kuichoma, na hakuna sadaka ya kufunguliwa. Majina ya ndugu hayatatajwa madhabahuni. Wazee wa kanisa wameagizwa kumnyamazisha yeyote atakayeanza. Mwenye dawa za presha, za TB au ARV aje ameshazinywa. Na anayetaka kwenda kumwona shangazi yake lakini hana nauli, amwone mweka hazina.