Je, Jambo Lihukumiwe kwa Lilivyo au kwa Litakavyokuwa?

Ndugu msomaji, wengi wetu hupenda kumhukumu mtu kwa yale tunayodhani atakuja kuwa. Kijana huitwa mharibifu kabla hajaharibu, na mwingine husifiwa kwa wema asioutenda bado. Je, hii ni haki? Natutazame mfano katika elimu ya mbingu.

Wataalamu wasema kwamba yako mashimo meusi huko angani, ambayo hata nuru ikiingia haitoki. Mpaka wake usiorudika huitwa upeo. Mwaka 1972 Jacob Bekenstein, naye ni mwanafunzi huko Princeton, alisema kuwa shimo hilo lina entropia, yaani kipimo cha namna ngapi mambo ya ndani yaweza kupangika pasipo kuonekana tofauti kwa nje. Na kipimo hicho huongezeka kadiri eneo la upeo linavyoongezeka. Stephen Hawking alimpinga. Kisha mwaka 1974 hesabu zake mwenyewe zikamwonyesha kwamba shimo lina joto, akakubali.

Lakini likabaki swali. Upeo huo haujulikani ulipo ila kwa kujua nuru ipi itaponyoka na ipi haitaponyoka hata milele. Basi ikiwa kitu kitatumbukia baadaye, upeo huanza kutanuka sasa, kabla hakijafika. Ni kama mfanyabiashara kuandika daftarini faida ya shehena ambayo jahazi lake bado li baharini!

Mwaka 2024 Hollands, Wald na Zhang walionyesha kwamba, kwa kanuni za Einstein na kwa mabadiliko madogo, entropia ya shimo linalobadilika hupimwa kwa upeo wa dhahiri, unaojulikana kwa hali iliyopo. Kwa hesabu hiyo entropia haizidi mpaka kitu kiingie.

Na hiyo ndiyo njia ya kadhi mwadilifu: huhukumu kwa yaliyodhihiri mbele yake, wala hamtozi mtu deni asilokopa.

Huenda mtu akasema: "Je, tusitahadhari na yajayo?" Twamjibu: tahadhari ni jambo moja, na hukumu ni jambo jingine. Nahodha aonapo wingu hupunguza tanga, lakini haandiki kuwa chombo kimezama. Basi mwonye kijana, mfunze, mfungie mlango wa shari. Lakini usimwite mwizi kwa wizi wa kesho. Mwisho wa mambo aujuaye ni Mwenyezi Mungu. Sisi tumepewa ya leo, na kwayo tutaulizwa.