Wekeni Wakfu Walio Hai

Ndugu zangu, kabla hamjamsikiliza rais, sikieni harufu.

Ni Julai 1863, Gettysburg, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, wenye watu wapatao 2,400. Kwa siku tatu, tarehe 1 hadi 3, majeshi mawili ya taifa moja, la serikali kutoka Kaskazini na la waasi kutoka Kusini, yamechinjana mashambani mwao. Waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea, ukiwajumlisha wa Kaskazini na wa Kusini, wanakadiriwa kufika 50,000. Majeshi yameondoka. Maiti zimebaki, pamoja na mizoga ya farasi, juani, katikati ya kiangazi. Zimefukiwa harakaharaka palepale zilipoangukia, kina cha kuficha tu, na mvua imekuja kuuondoa ule udongo kidogo. Wakili mmoja wa mji, David Wills, anamwandikia gavana wake, Andrew Curtin, kwamba mahali pengine mikono na miguu imetokeza nje, na nguruwe wanafukua miili. Nguruwe! Watoto wa watu, waliolelewa kwa maziwa na maombi, wanafukuliwa na nguruwe.

Hapo ndipo yalipoanzia makaburi yale. Wills akanunua ekari 17 kilimani, na mchoraji wa bustani William Saunders akayapanga kwa nusu duara, kila jimbo sehemu yake, ofisa na askari wa kawaida wakilala safu moja kwa mawe ya kimo kimoja. Jeshini walipigiana saluti, kaburini hapana. Mpango huo peke yake ni mahubiri, nami ningeweza kuishia hapo.

Lakini nani alizifukua maiti na kuzipeleka kilimani? Kazi ilitolewa kwa zabuni, dola 1.59 kwa kila mwili. Waliochimba na kubeba walikuwa kikosi cha wanaume weusi, na mkuu wao alikuwa Basil Biggs, mkulima, mtu huru, aliyehamia Gettysburg kutoka Maryland mwaka 1858 ili watoto wake wapate shule. Sikilizeni vizuri habari za mtu huyu. Jeshi la Kusini lilipokuwa likikaribia mwezi Juni, weusi wa mji ule walikimbia, maana askari wa Jenerali Lee, mkuu wa jeshi hilo, walikuwa wakiwakamata watu weusi njiani, aliyetoroka utumwa na aliyezaliwa huru bila kubagua, na kuwaswaga Kusini wakauzwe. Biggs aliporudi alikuta shamba alilolikodi limegeuzwa hospitali ya wale wale waliokuja kumfunga minyororo. Na ni mikono yake iliyowatoa ardhini askari wa Kaskazini, mmoja baada ya mwingine, kutoka Oktoba 1863 hadi Machi mwaka uliofuata, ikawatia majenezani. Zaidi ya miili 3,300. Karibu 1,000 kati yao haikupatikana majina.

Msimamizi, Samuel Weaver, alipekua kila mfuko, akitafuta barua, picha, Biblia, chochote cha kumtambulisha marehemu, na akihakikisha kwamba hakuna maiti ya Kusini inayopenya. Alitangaza kwamba hakukosea hata mara moja. Ardhi imemsuta: baadhi ya vijana wa Kusini wamo mle, wamelala katikati ya maadui zao.

Sasa na aje rais.

Tarehe 19 Novemba 1863, kazi ya kuzika ikiwa haijafika hata nusu, watu walikusanyika kilimani kuyaweka wakfu makaburi. Msemaji mkuu hakuwa Abraham Lincoln. Alikuwa Edward Everett, aliyewahi kuwa gavana, seneta, waziri na mkuu wa Chuo Kikuu cha Harvard. Sherehe ilikuwa ifanyike Oktoba, ikasogezwa mbele ili apate nafasi ya kuandaa hotuba yake. Rais alialikwa baadaye, aseme maneno machache yanayofaa. Everett alisema kwa muda wa saa mbili. Aliwataja Waathene na desturi zao za kuzika mashujaa, akaieleza vita siku kwa siku, akawahukumu waasi. Wala msimcheke, hotuba ile ilikuwa na elimu nyingi. Kisha Lincoln akasimama, mtu aliyemzika mwanawe Willie mwaka uliotangulia na kumwacha nyumbani mwana mwingine, Tad, akiwa mgonjwa, na yeye mwenyewe ndui ikiwa inamnyemelea bila kujua. Akasema maneno yapatayo 270. Dakika mbili au tatu, akaketi.

Kesho yake Everett alimwandikia akikiri kwamba angefurahi kama kwa saa zake mbili angalikaribia kiini cha jambo kama rais alivyokifikia kwa dakika zake mbili. Ninyi mnaoshika kipaza sauti misibani, mkaanza kwa kusema itifaki imezingatiwa kisha mkaipitia tena itifaki yote jina kwa jina, mjane amekaa juani, mwili unasubiri: mnasikia?

Katika zile dakika, Lincoln alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwita alifanye. Aliitwa kuweka wakfu uwanja. Akawaambia waliokusanyika kwamba hawawezi. Waliopigana pale, walio hai na waliokufa, wamekwisha kuutakasa kupita uwezo wa msemaji yeyote. Akayageuza macho yao kutoka kwenye mashimo akayaelekeza kwao wenyewe. Wanaopaswa kuwekwa wakfu, alisema, ni ninyi mnaopumua, kwa kazi ambayo hawa wameiacha njiani. Watu walikuja kuaga. Wakakabidhiwa jembe!

Na kazi gani? Alihesabu miaka 87 nyuma, akaangukia 1776, mwaka lilipotolewa tamko kwamba watu wote wameumbwa sawa. Hakuhesabu hadi 1787, ilipoandikwa katiba iliyovumilia utumwa. Adui zake waliligundua hilo upesi. Gazeti la Chicago Times lilimshutumu kwamba amesema uongo juu ya makaburi: askari wale walikufa kwa ajili ya katiba, si kwa ajili ya usawa wa mtu mweusi. Wakati mwingine adui husikiliza mahubiri kuliko muumini anayesinzia kiti cha nyuma. Walielewa barabara kwamba mtu huyu, kwa dakika mbili, amebadilisha maana ya vita.

Hata hivyo sitamsifu hadi nipitilize. Hakulitamka neno utumwa. Miezi kumi na zaidi ilikuwa imepita tangu atangaze, tarehe 1 Januari mwaka ule ule, kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi wako huru, na weusi walikuwa wamekwisha kuvaa sare wakifa vitani. Alizungumza juu ya uhuru utakaozaliwa upya, na mle mjini waliishi watu ambao jamaa zao walikuwa wameswagwa Kusini majira yale yale. Wanaomtetea husema kwamba kila mtu alielewa. Mimi nasema kuna mambo ambayo mhubiri hana ruhusa ya kuyaacha yaeleweke tu. Yatamke.

Maana tazameni yaliyofuata. Mwaka 1865 utumwa ulifutwa kwa katiba. Mwaka 1870 katiba hiyo ikakataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi, kisha Kusini wakaipokonya kura hiyo kwa vitisho, kwa kodi na kwa kamba ya kunyongea, na ilihitajika sheria ya mwaka 1965 ili haki hiyo ianze kusimama tena. Miaka 102 baada ya hotuba! Kila mwaka viongozi walipanda kilima kile na mashada. Basil Biggs alifariki mwaka 1906. Hakulala kilimani alikowapeleka wengine. Alizikwa katika makaburi ya weusi wa Gettysburg, waliyoanzisha wenyewe, ambamo pia wamelala askari weusi wa vita ile ile. Makaburi hayo yanaitwa Lincoln.

Bwana wetu, katika Mathayo 23, aliwakemea waliojenga na kupamba makaburi ya manabii huku roho ya waliowaua manabii ikiwa imekaa vizuri ndani yao. Hakuchukia makaburi. Alichukia chokaa nyeupe inayopakwa juu ya deni.

Nasi Watanzania tunayo makaburi yetu. Tunayo Kaboya kule Kagera, walikolala waliokufa katika vita dhidi ya Idi Amin. Tunayo Naliendele kule Mtwara, walikolala waliokufa kwa ajili ya uhuru wa Msumbiji. Kila tarehe 25 Julai, siku ya kuwakumbuka mashujaa, tunaweka mkuki na ngao, sime, shada la maua, upinde na mshale, shoka, na tarumbeta inalia. Ni vizuri. Endeleeni. Lakini wale wa Naliendele walivuka Ruvuma kwa sababu waliamini kwamba Mwafrika hawezi kuwa huru peke yake huku jirani yake amefungwa. Kazi hiyo imekwisha? Mkimbizi anapobisha hodi kwenye mpaka ule ule, anapokewa na moyo gani? Wa Kaboya walikufa ili mwananchi wa kijijini asinyang'anywe ardhi na mtu mwenye bunduki. Leo mwananchi huyo akinyang'anywa na mtu mwenye mhuri, nani anasimama naye barazani?

Basi ninyi mtakaoalikwa kusema Julai ijayo, semeni dakika tatu. Shukeni jukwaani. Kwa muda uliobaki, ufuateni mlango wa mjane wa askari, mumuulize mafao yameishia ofisi gani, na mwende naye kesho yake asubuhi hadi kwenye dirisha hilo, mkae naye kwenye foleni mpaka aitwe.