Wimbo Uliokwisha Kutimia
Ajirekodiaye wimbo nyumbani, asiye na saa ya studio ya kumhimiza wala fundi wa kumwambia basi, hana budi kujiuliza kila aongezapo ala iwapo maana ndiyo iliyozidi au ni kelele tu. Na mtihani huu, kwa rai yangu, ni mzito kuliko kutunga. Mwaka 1982 Bruce Springsteen, mwimbaji wa Marekani, alinasa nyumbani kwake New Jersey, kwa mashine ya kaseti ya njia nne, nyimbo alizozikusudia ziwe rasimu tu za kuwafunza wapigaji wake. Lakini zilipopigwa upya studioni, ile huzuni iliyozipa roho ikatoweka, hata akaazimia, kwa ushujaa ninaoustahi sana, kaseti ileile, pamoja na mvumo wake, itolewe kuwa santuri ya Nebraska.