Donge Lisilotaka Kukandwa

Kitenzi "kukanda" kina heshima yake katika Kiswahili. Hukandwa unga, hukandwa udongo wa mfinyanzi, hukandwa maungo ya mchovu, na mzazi aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto mpaka viungo vyake virudi mahali pao. Katika yote hayo mkono unaokanda huhesabiwa kuwa mkono wa wema, na unaozidi kukanda huhesabiwa kuwa umezidi wema. Mpika chapati wa Unguja au wa Pemba hana haja ya kuhubiriwa jambo hili. Donge alilolikanda kwa mikupuo mitatu minne humpa chapati ya kutafunwa kwa taabu, na lile alilolikanda mpaka likawa laini kama ndewe ya sikio humpa chapati inayokunjika kama kitambaa. Wahenga nao waliichukua hekima hiyo wakaipeleka katika malezi: udongo upate uli maji, samaki mkunje angali mbichi. Methali zote mbili zamhimiza mlezi atende, tena awahi, kwani kinachoachwa hukauka.

Je, ipo hali ambayo bidii yenyewe, bidii ya kweli isiyo na hila wala ria, ndiyo inayoiharibu kazi? Na kama ipo, yule anayeuzuia mkono wake katika hali hiyo ametenda jambo, au hakutenda kitu? Wanafalsafa wamezoea kuyajadili maswali ya namna hii kwa mifano ya vita na ya mahakama. Upo mfano wa chini zaidi, wa meza ya jikoni huko Ufaransa, na huenda ukafaa zaidi kwa sababu humo hakuna adui wala hakimu. Wamo unga, siagi na mikono ya mtu tu.

Wafaransa wanalo donge waliitalo pâte brisée, maana yake donge lililovunjwa. Ndilo linalotandazwa chini ya pai ya mayai na malai ya mkoa wa Lorraine, na ndilo linalobeba matofaa na squash za mashambani katika tarti za kila siku. Sifa yake ni kuvunjika: likiisha kuokwa, likiguswa na meno hupukutika bila ya kushindana. Viungo vyake ni vichache hata mtu akashangaa kwamba kuna cha kujifunza. Unga wa ngano gramu 250, siagi nusu ya uzito huo, yaani gramu 125, chumvi gramu 5, na maji baridi kiasi cha mililita 50. Wengine huongeza kiini cha yai. Basi.

Ugumu wote umo katika kile ambacho mkono hautakiwi kufanya. Ngano ina protini mbili, gliadini na glutenini, ambazo zikikutana na maji na zikasukwasukwa hushikana zikawa utando wa kunyumbuka, nao huitwa gluteni. Utando huo ndio uhai wa mkate na ndio ulaini wa chapati. Ndio unaoshika pumzi ya hamira na ndio unaolifanya donge likubali kuvutwa bila ya kukatika. Katika donge lililovunjwa utando huo huo ni balaa. Kwa hiyo Mfaransa huanza kwa kuutangulia. Huikata siagi baridi vipande vidogo, huichanganya na unga mkavu, kisha husugua kwa ncha za vidole, upesi na kwa wepesi, mpaka unga ufanane na mchanga. Na hatua hiyo wameipa jina linalotokana na neno lao la mchanga. Kila chembe ya unga huvikwa nguo ya mafuta, ili maji yatakapofika yasiipate chembe ikiwa uchi. Ncha za vidole hutumika kwa kuwa kiganja kina joto, na siagi iliyoyeyuka kabla ya wakati wake haivishi tena. Hunywewa na unga na kazi ikawa imekwisha kabla ya kuanza.

Yakisha kutiwa maji, donge hukusanywa tu. Halikandwi. Hufanyiwa jambo moja la nguvu: kipande baada ya kipande husukumwa mbele juu ya meza kwa sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo, mara moja, au mbili ikilazimu, ili siagi na unga vishikane sawasawa. Mara ya tatu ni hasara. Kisha donge hubanwa likawa bapa, hufunikwa, na huwekwa penye baridi kwa muda usiopungua nusu saa. Wapishi wengi hupendelea saa moja au mbili. Katika muda huo maji huenea, siagi hurudi kuwa ngumu, na ule utando mdogo uliojisuka bila ya kutakiwa hulegea.

Asiyeyajua haya, na hasa mwenye tabia njema ya kutoacha kazi nusu, hulitazama donge likiwa na mabaka, kingo zake zimepasuka, akaona haya. Hulikanda kidogo ili lipendeze. Nalo hupendeza kweli. Huwa laini, la kung'aa, la kumridhisha mtazamaji. Adhabu huja tanurini. Donge hujikunja, kingo zilizopanda ukutani mwa chombo huporomoka, na ganda linalotoka ni gumu kama ubao. Uzuri ulioonekana mezani ndio uliokuwa ubaya wake.

Hapa mtu mvivu anaweza kufurahi, akadhani amepata wakili. La hasha. Donge la mvivu nalo hujulikana. Siagi imebaki mabonge, maji yamekusanyika upande mmoja, na ganda hutoboka likamwaga mayai na malai chini ya tanuri. Zipo njia mbili za kukosea, ila moja katika hizo husifiwa na walimwengu, na kwa sababu hiyo ni ya hatari zaidi. Mvivu husutwa siku zote, kwa hiyo anazo nafasi nyingi za kujirudi. Mwenye bidii ya kupita kiasi ni nani atakayemsuta?

Inavutia kwamba Aristotle, alipotaka kuonyesha kuwa kati na kati si hesabu ya kugawanya kwa mbili, alichukua mfano wa chakula. Alisema kwamba ikiwa uzito wa mina 10 za chakula ni mwingi na mina 2 ni kidogo, haifuati kuwa mina 6 ndizo zimfaazo kila mtu. Kwa Milo, mpiga mweleka aliyekuwa mashuhuri, hizo ni chache, na kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Maji ya donge ni hivyo hivyo. Mililita 50 zimeandikwa kitabuni, lakini unga uliokaa penye unyevunyevu hutaka machache na uliokauka hutaka zaidi. Kitabu hakiwezi kumaliza kusema. Mahali kinaponyamaza ndipo mkono huanza: hufinya chembechembe kiganjani, na zikishikana huacha, zisiposhikana huongeza tone.

Lakini Aristotle hatoshi. Kipimo hutueleza kiasi gani. Hakitueleze ni kitu gani kinachomtofautisha fundi aliyeuzuia mkono wake na mvivu aliyeuzuia wake, maana ukiwatazama kwa mbali wote wawili wamesimama kando ya meza wasifanye kitu. Jibu moja lapatikana kwa mwanamke wa Kifaransa, Simone Weil, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1943, na ambaye alisomesha falsafa katika shule za wasichana. Katika insha aliyoiandika mwaka 1942 kuhusu masomo ya shule, alieleza kwamba wanafunzi wakiambiwa wawe makini hukunja nyuso, huzuia pumzi na hukaza misuli. Wakiulizwa baada ya dakika mbili walikuwa makini juu ya nini, hawana la kujibu. Walikuwa wakikaza misuli tu. Umakini, kwa maoni yake, ni kuiachilia fikra iwe wazi na tayari kupokea, bila ya kukimbilia kushika.

Kwa kipimo hicho wale watu watatu wa jikoni huonekana kwa sura mpya. Mvivu ameacha kwa kuwa amechoka. Mwenye pupa ya kazi anaendelea kwa kuwa anaogopa kuonekana amekaa bure, au anaogopa mabaka. Wawili hao, waliodhaniwa kuwa maadui, ni ndugu: kila mmoja anasikiliza nafsi yake mwenyewe, mmoja uchovu wake na mwengine hofu yake. Wa tatu peke yake ndiye anayelisikiliza donge. Ameacha, na bado anatazama. Lingetaka tone jengine la maji angelilipa. Kuacha kwake ni tendo kwa sababu kungeweza kubatilishwa wakati wowote na hali ya donge lenyewe. Kuacha kwa mvivu hakubatilishwi na chochote isipokuwa njaa.

Wapenzi wa mashairi wanalijua jambo hili kwa njia ya masikio. Upo ubeti wenye mizani zake 16 kamili katika kila mshororo, kina cha kati na cha mwisho vimetimia, wala hakuna pa kuutia dosari, na bado haupiti kooni. Mtunzi ameukanda. Kila neno limebanwa mpaka limeng'aa, na maana imejikunja ndani kama ganda lililotoka tanurini. Kina cha kulazimisha hujulikana hata na asiyejua kuhesabu mizani.

Siku hizi Mfaransa mwenye haraka hununua donge lililokwisha kusukumwa, la duara, limeviringwa ndani ya karatasi, na mwengine hutumia mashine yenye visu vinavyozunguka. Si vibaya. Mashine husugua siagi bila ya kuipasha joto la kiganja, na katika hilo huushinda mkono. Ila haijui pa kusimama. Sekunde chache zikizidi baada ya maji kutiwa, kazi imeharibika, na anayeweka kidole juu ya kitufe ni yule yule mtu, na hofu zake zile zile.

Suala zito limo katika malezi, na si haki kulipita. Mzazi anayemsahihisha mwanawe kila neno, mwalimu anayeongeza masomo ya jioni juu ya masomo ya alasiri, chuo kinachomkalisha mtoto saa baada ya saa hata macho yakamwiva: wote hao wana methali nyuma yao, na methali hizo ni za kweli. Mtoto asiyefunzwa huharibika. Lakini udongo na ngano ni vitu mbalimbali, na si kila mtoto ni udongo. Huyu hutaka kukandwa, na yule hutaka kukusanywa tu, asukumwe mara moja kwa nguvu panapostahili, kisha aachwe penye baridi. Tena mlezi yumo katika taabu asiyoijua mwokaji. Mwanagenzi wa Kifaransa akikosea, tanuri humpa habari zake kabla ya saa moja kwisha, na kesho huanza na unga mwengine. Tanuri la mlezi huchukua miaka 20, na unga mwengine hana.

Hata hivyo kabla ya tanuri ipo dalili moja, nayo hutokea wakati wa kusukuma. Donge lililochoshwa hurudi nyuma. Husukumwa likatanuka, na mti ukiinuliwa tu hujikusanya tena kuelekea katikati. Aliyezoea kushinda husukuma kwa nguvu zaidi, na donge humkubalia kwa muda, likaweka hesabu yake ya tanurini. Mwokaji mzoefu akiliona linarudi huuweka mti chini, hulifunika, hulirudisha penye baridi, akaenda kumenya matofaa. Likipumzika vya kutosha litakubali kutandazwa, na kingo zake hazitaporomoka sana. Ugumu uliokwisha kuingia hupungua, hautoki wote. Ndiyo sababu yeye huutazama mkono wake mapema zaidi, pale maji yanapotiwa, wakati donge bado lina mabaka na mtu mwengine yeyote angelidhani kwamba kazi haijafanywa.