Kichwa Kikiuma, Semeni

Wajukuu zangu mnaopita chini ya miembe ya Kwihara kila asubuhi mkienda shule, nisikilizeni. Mwenzenu akilaza kichwa kwenye dawati, msiharakishe kumwita mvivu. Huenda kichwa kinamgonga, mwanga unamchoma macho, na kichefuchefu kimemshika. Hicho ni kipandauso, na duniani kote humpata karibu mtoto mmoja katika kila kumi. Mtu mzima mara nyingi humshika upande mmoja, lakini mtoto huweza kumshika paji zima kisha kikapoa baada ya saa chache. Ndiyo maana wakubwa hudhani anasingizia. Msinyamaze. Mwambieni mwalimu, mwambieni mama.

Wapagazi wa Kinyamwezi, babu zenu, walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo, na kambi ya msafara ilitafutiwa mahali penye maji. Nanyi mnatoka nyumbani bila uji, mnakaa na kiu hadi mchana jua la Oktoba likiwaka, na usiku mnakesha na simu! Njaa, kiu na kukosa usingizi ndivyo vinavyokiamsha kipandauso.

Linaloniumiza zaidi ni tumbaku. Huko Urambo, Kaliua na Sikonge, msimu wa kuchuma, mtoto hukumbatia majani mabichi yenye umande mpaka shati linalowa. Nikotini hupenya kwenye ngozi. Jioni kichwa kinampasuka, anaona kizunguzungu, anatapika, na nyumbani wanasema ni malaria, wanampa dawa ya mseto bila kumpima. Nyinyi vijana mliokwisha kuwa wazazi, hapa nasema kwa ukali: mtoeni mtoto kwenye tumbaku. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumpa mtoto kazi ya hatari, na hii ni hatari tupu.

Malaria nayo ipo kwetu, tena huweza kuanza na maumivu ya kichwa. Basi zahanati kwanza, mtoto atobolewe kidole, kipimo kiseme. Macho nayo huweza kuumiza kichwa, kwa hiyo asiyeona vizuri ubaoni apimwe macho. Vidonge vya dukani vikimezwa karibu kila siku huzaa maumivu mapya, na aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16 ila kwa agizo la daktari.

Lakini kichwa kikija na homa na shingo iliyokakamaa, au degedege, au kutapika kila asubuhi, au baada ya kuanguka kutoka mwembeni, msingoje kuche. Tafuteni usafiri usiku huohuo, mpelekeni hospitali ya Kitete.